Namna ya kutengeneza bede ya bwoga wewe peke yako hapa Lubumbashi, kuanzia maneno ya kambo (babu ao nyanya) mpaka ku mashini ya fotokopi

Bede yangu ya kwanza ya kuogopesha (bede ni hadisi ya kuchora mu tusanduku) ilikuwaka na shetani moja ya macho tatu, meno mingi, ulimi murefu mpaka chini, nilimalizaka wiki mbili paka juu ya ile meno. Nikamupa mutoto ya yaya yangu, wakati ile alikuwa na miaka 9, akafungua, akaangalia, akauliza, "Tonto, na meno ya vile anakulaka bukari namna gani?" Halafu akaendelea kutafuna kikanda yake, alama ya bidole ikabakia ku paji ya 5. Bede ya pili haikukuwa na shetani hata moja. Ilikuwa ya mama moja anaishi peke yake ku Katuba, kartye ya hapa, anaamuka asubui, anatoka pa barza, anakuta mbabula inawaka, makala mekundu, sufuria juu, maji inachemuka. Hakuna muntu aliwasha. Njo ile tu. Ule mutoto alikataaka kwenda ku choo ya inje usiku siku tatu, mama yake akanitukana ku telefone, na mi nikasema aa, sasa naanza kujua kazi.

Basi hii naandika ni vile mi nafanyaka, haiko sheria ya mutu. Nachora peke yangu, hakuna editere (mwenye kuchapisha mabuku), hakuna kompyuta, kuko paka krayo, wino, telefone yenye kioo imepasuka na kijana wa fotokopi. Kama uko Likasi ao Kolwezi ao Goma ni sawasawa, badilisha tu majina ya kartye. Lakini ile ya mbabula uishike toka sasa ju nitairudilia kila mara: muntu haogope kintu hajawahi kuona, anaogopa kintu anajua vizuri yenye imekosea kidogo. Mbabula anaijua. Muntu wa kuiwasha njo hayuko.

Kabla ya kugusa krayo, unakusanya. Nunua kaye ndogo ya kuingia mu mufuko na uende kukaa na bazee. Usiulize "kambo, nisimulie hadisi ya kuogopesha", atakupa ile aliona ku televizio jana, ao ushuhuda wa kanisa. Uliza hivi: "Wakati mulikuwa batoto, ni wapi balikuwa banawakataza kupita usiku?" Kila muzee iko na nafasi yake moja, muti, daraja, nyuma ya nyumba fulani, na ile nafasi yenyewe itavuta maneno ingine yote nyuma yake kama kamba. Andika maneno vile anasema, usitengeneze. Andika pia vile mukono yake ilifanya wakati anafika pale pa kuogopesha, ile utaichora kisha.

Mi kwa njia ile njo nilipata batumbula. Kama ulikomalia hapa umesikia ile jina, wakati ya Babeleji, mji ikiitwa Elisabethville, miaka ya 1940 bantu balikuwa banasema kuko bantu banatembea usiku, banakamata mwenzabo, banamupeleka kwa bazungu, kule analishwa, analishwa, mpaka anageuka nguruwe, kisha anakuliwa. Baprofesa wameandika mabuku juu ya ile maneno. Mi nilikuwa nimesikia ya nguruwe mara mia moja na haikunifanya kintu. Kambo yangu yeye alinipa ingine: alisema baba yake hakukulaka nyama ya mukebe mpaka anakufa, hata siku ya njaa, anaangalia mukebe, anaisukuma pole pole na kidole mpaka ku mwisho ya meza. Sasa unaona? Nguruwe ni ya bantu wote. Mukebe na ile kidole ni bede.

Na mji yetu yenyewe inakusaidia, usikimbilie kuchora kastelo ya Ulaya yenye hujawahi kuona hata mulango wake. Tuko na shimini ya zamani ya Union Minière, ile kampuni ya shaba, leo Gécamines, na ile mulima mweusi ya takataka ya shaba pembeni yake, inaonekana karibu kila kona ya mji, hapa balianza kuyeyusha shaba mu 1911. Kati ya mji ya bazungu na site ya bantu beusi Babeleji baliachaka nafasi wazi, makusudi, ju ya kutenga bantu. Fikiri muntu wa Kamalondo, moja ya ile site, anatoka kazi usiku, lazima avuke ile nafasi, nyuma yake taa, mbele yake taa, pale kati giza tii. Hauna hata kazi ya kutunga.

Kintu moja mi nakataa na nitakuambia wewe pia ukatae: mutoto mulozi. Ile bede itauza, najua, weka mutoto wa miaka 7 anakula roho ya bazazi na utauza makopi yote mbele ya saa sita. Lakini mu inchi yetu kuko batoto ba kweli banalala barabarani ju muntu aliwatajaka vile, na sheria ya kulinda mutoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kabisa kushitaki mutoto bulozi. Na usichore jirani wako, hata umubadilishe pua. Kartye yote itamujua, na kisha itakuja kumugonga mulango.

Bantu banapenda kuniuliza nilijifunza wapi, banangoja niseme Japani. Nilijifunza ku ukuta ya saluni ya shangazi yangu. Kulikuwa na picha ya mamba muntu, ile bapentre ya Lubumbashi balikuwa banauzisha sana zamani, mwanamuke nusu samaki, ngozi nyeupe, nywele ndefu, na nyoka. Angalia vizuri ile picha ukiipata: hafanye kintu. Hashike kisu, hapige kelele. Ni muzuri, amekaa, anakuangalia wewe mwenye umekaa ku kiti unakunywa soda. Na kila muntu mu ile nyumba anajua bei yake, atakupa makuta (feza), lakini siku moja atakuomba muntu wa jamaa. Ile njo somo ya kwanza ya bede ya bwoga, nilikuwa naipata bure kila siku ya mungu.

Kisha kuko Tshibumba Kanda-Matulu, pentre wa hapa hapa, mu miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya inchi yetu nzima mu picha 100 hivi kwa profesa moja anaitwa Johannes Fabian, na alichoraka pia Simba Bulaya (simba ya Ulaya), ile ni ndugu ya maneno ya batumbula. Kwake nilijifunza maneno: anaandika ndani ya picha yenyewe, maneno machache, ngumu, kama muntu anasimamia tribinali. Hafafanue. Sisi ba bede tunapenda sana kufafanua, "Tazama! Mama Feza anaingia mu nyumba na bwoga mingi!", wakati picha inaonyesha mama Feza anaingia mu nyumba na bwoga mingi. Futa.

Na mukubwa wa sisi wote benye tunafanya kazi hii bila editere ni Papa Mfumu'eto wa Kinshasa. Kuanzia 1990 hivi alikuwa anachora, anachapisha na kuuzisha bede yake mwenyewe, mu Lingala, karatasi ya bei chini, nyeusi na nyeupe, ku soko na barabarani. Hadisi yake ya kujulikana sana ni ya nguma, nyoka mukubwa, anameza mwanamuke mu Kinshasa halafu anatapika makuta. Mu Kinshasa, unaona, haikuwa "mu inchi moja ya mbali". Bantu balikuwa banainunua kama gazeti, kama ni habari ya wiki iliyopita. Leo sehemu ya makaratasi yake iko inatunzwa ku université ya Florida kule Marekani, na wakati yeye alikuwa anatoa ile bitu bantu ba heshima balikuwa banaona ni takataka. Kwa hiyo ukitafuta jina ya nafasi ya hadisi yako andika kartye, andika avenyu, andika pembeni ya soko gani, lakini namba ya lupango (kiwanja ya nyumba) utunge, tafazali.

Kwa vile bantu banaongea, mi nilijifunza kwa kundi ya Mufwankolo, bale ba teatre ya Kiswahili ya Lubumbashi. Muntu wa hapa hasemi "Nani yuko pale?" Anasema "Njo nani?", kisha ananyamaza, kisha anasema tena polepole. Andika vile.

Japani ndiyo, nasomaka, sikatae. Junji Ito alikuwaka fundi wa kutengeneza meno ya bantu mbele ya kuishi na bede, na mi naona ni kama unaiona ile mukono ya uvumilivu mu mistari yake midogo midogo. Lakini uchunge kintu moja: bede ya Japani inasomwa kutoka kuume kwenda kushoto. Ukikopi mupango ya paji zabo jinsi iko na kuiweka mu Kiswahili, kushituka kwako kutaangukia nafasi mbaya, nitaeleza hapa chini. Na kama mama ya kanisa anakuambia unafundisha batoto ushetani, usibishane, hata Marekani kulikuwa vile, mu 1954 makampuni ya bede kule balijiwekea kanuni yenye ilikataza hata kuandika neno "horror" ku jina ya buku. Mi namupaga mama kopi moja ya bure. Nimeona banasoma mpaka mwisho.

Namna ya kusoma mukubwa bila kumuiba: kamata paji yake moja, funika maneno na karatasi, halafu uchore tusanduku twake twadogo sana ku kaye, bila uso, bila nguo, weka tu nyeusi iko wapi na nyeupe iko wapi. Fanya paji kumi vile. Utaona siri yake haiko mu kuchora muzuri, iko mu fasi anakuficha kintu.

Sasa twende ku paji, hapa usiruke hata neno.

Anza na bede ya paji 16. Karatasi 4 za A4 ukizikunja kati unapata paji 16 za A5, na kila hesabu ya paji lazima igawanyike kwa 4, ukifanya 18 mashini itakudai 20 na utabakia na mbili tupu unaanza kutafuta publisite ya salon de coiffure. Mbele ya kuchora kamata karatasi 4 za kutupa, kunja, weka moja ndani ya ingine, andika namba 1 mpaka 16. Ile kabuku njo kiwanja yako. Ifungue: paji 1 iko peke yake, ni kava. Kisha 2 na 3 zinaangaliana, 4 na 5, 6 na 7, vile vile mpaka mwisho. Msomaji akigeuza karatasi anaona mbili kwa mara moja, na jicho ni mwizi, hata anasoma ya kushoto tayari imeisha kuiba ya kuume. Kwa hiyo ukiweka kintu yako ya kushitua ku paji ya kuume, 3, 5, 7, umeisha kujiuza. Iweke ku paji ya kushoto, 4, 6, 8, ile haonake mpaka mukono yake mwenyewe igeuze. Na ile kasanduku ya mwisho kabisa ya paji ya kuume, chini kwenye kona, pale anashika karatasi, njo unaweka kintu ya kumulazimisha: mukono juu ya kitasa, sauti, macho inaangalia inje ya picha.

Nikupe mufano ya bede nimemaliza juzi. Mwanamuke anarudi usiku toka ku soko ya Kenya (ile kartye ya hapa, haiko inchi), anaishi peke yake, paji 2 mpaka 5 ni kutembea tu, kununua buji (mushumaa), kusalimia bajirani, kuran (umeme) imekatika. Paji 6 anafika ku lupango. Paji 7 anatafuta funguo mu sakosi, tusanduku tunne karibu sawasawa, na mu ya mwisho, chini kuume, kutoka ndani ya nyumba yake sauti inasema "Odi..."

Unageuza. Paji 8 na 9, picha moja kubwa: mulango. Imefungwa. Kufuli iko inje, imefungwa pia. Hakuna kintu ingine.

Ku paji 10 yeye anajibu "Karibu", ju ya mazoea tu, tangu mutoto amefundishwa vile, muntu anasema odi unasema karibu. Na njo kosa yake. Ju odi ni ya muntu anaomba kuingia, na huyu mwenye iko ndani tayari, anaomba kuingia wapi? Ile swali sikuiandika mu bede, nimeandika hapa tu, mu bede niliacha tusanduku tatu bila neno. Bantu watatu bamenipigia telefone kuniuliza, na moja alikata mbele nijibu.

Paji 8 na 9 nilichagua makusudi pia ju ya karatasi: mu kabuku ya 16, njo paji mbili tu za ndani zenye ziko ku karatasi moja upande moja, za kati. Picha yenye inavuka kati ukiiweka ku 4 na 5 itapasuka, nusu iko ku karatasi ingine, na mashini haitazipanga sawa hata uombe.

Kuchora sasa. Nitasema kwa haraka ju kuchora haufundishwe na maandishi. Nenda ukakae mu lupango ya muntu na uchore bitu vya kweli: ndoo, kamba ya nguo, mbabula, bidon ya njano, mulango ya bati, viti ya plastiki. Kama ndoo yako haiko ndoo, mzuka yako haitakuwa mzuka. Siku kuran inakatika usilalamike, washa buji moja tu, keti chini na uangalie jamaa yako inakula, chora vile kivuli cha mama kinapanda ku ukuta kinazidi dari. Mwangaza ya mbabula inatoka chini, inatia macho mu shimo. Mwangaza ya telefone inashika kidevu na pua tu, na nyuma ya kichwa hakuna kintu, hakuna shingo, hakuna mabega. Uso wa muntu mwenye anapiga kelele uutumie mara moja mu bede yote, ao usiutumie. Uso unaofanya kazi ni wa muntu anatulia na anaangalia kintu nyuma ya msomaji.

Na rudilia picha moja. Tusanduku tatu, meza ile ile, usiku ule ule: viti ine, viti ine, viti tano. Usiseme kintu. Bengine hawataona, bale benye bataona bataonyesha bengine, na njo vile bede inatembea.

Sauti tuko nazo tajiri kupita bafransa, basi tumia: ngo ngo ngo ya mulango, kwiii ya bati, giza tii, kimya jii. Zichore kwa mukono, kubwa ao ndogo kufuatana na umbali. "Odi" yangu ilikuwa ndogo kupita maneno yote ya ile paji, nilitaka msomaji asogeze uso karibu.

Bifaa: krayo HB, gome, lati ya kupimia, karatasi ya A4 ya kawaida yenye haiko nyembamba sana, wino ya Shina na brosi ndogo ao biki nyeusi. Biki nyeusi usiidharau, mashini inaisoma vizuri, ya bluu inaitoa hafifu. Kama unapata krayo ya rangi ya bluu ya mawingu, anza nayo mistari ya chini, mashini mingi hazioni ile bluu, hauna hata haja ya kufuta. Kukosea, blanko, ama ukitaka mwangaza mwembamba ndani ya nyeusi, kwaruza na wembe polepole, nyota, mvua, unywele, vyote natoaka na wembe.

Chora kila paji ku A4 nzima, halafu mashini itapunguza mpaka A5, ile ni 71 kwa mia, mashini mingi ziko na ile namba tayari. Kupunguza kunafunika makosa na kunakaza mistari. Lakini maneno pia inapungua, herufi ya milimita 5 itabakia na tatu na nusu, kwa hiyo andika kubwa kupita vile unaona ni vizuri. Acha sentimita moja tupu pande zote ju mashini hazifikake mpaka ku ukingo.

Sasa nyeusi, na hapa nililia. Usiku wangu wa kwanza niliujaza wino paji nzima, nzuri, nyeusi kama ndani ya shimo ya bakrezere, bale bachimba madini na mikono. Mashini ikanitolea majivu, pembeni nyeusi, katikati kijivu na mistari, ju wino ya unga ya mashini ya zamani haitoshi kufunika nafasi kubwa. Na upande wa nyuma wa karatasi ile nyeusi inaonekana, inachafua paji ingine. Tangu pale usiku nauchora na mistari, mistari ya kuvukana, karibu karibu, na tu-nyeupe tudogo ndani. Inakamata wakati, masaa ine kwa paji moja, lakini jicho inajaza yenyewe, na ile giza ya mistari inatetemeka kidogo, giza ya wino haitetemeke. Ingekuwa mashini zetu nzuri singejua.

Kupanga karatasi mbele ya kupeleka: usimupe kijana wa fotokopi paji 1 mpaka 16 ukamuambia "tengeneza buku". Mi nilifanya vile. Alinirudishia makopi 20, mulango wa mwisho uko ku paji 3, muntu anakufa ku paji 6 na anaenda soko ku paji 11, na nililipa ju kosa ilikuwa ya nani, tulibishana mpaka mvua ikanyesha. Bandika mwenyewe paji mbili mbili. Siri ni hesabu 17: kila upande wa karatasi namba mbili zinafanya 17. Karatasi ya inje ni 16 na 1, nyuma yake 2 na 15. Ya pili 14 na 3, nyuma 4 na 13. Ya tatu 12 na 5, nyuma 6 na 11. Ya kati 10 na 7, nyuma 8 na 9. Namba ya kwanza nimeandika njo inakaa kushoto. Toa kopi moja tu, ikunje, isome yote, pale pale mbele ya mashini, njo useme endelea.

Kushona: agrafezi ya kawaida haifikake mukunjo. Ifungue, weka kabuku juu ya karto laini ao kandambili ya zamani, gonga agrafe mbili ku mukunjo, kisha kunja miguu yake na kijiko. Sindano na uzi ni sawa pia, inakuwa hata nzuri. Kava nafanyaka ku karatasi ya rangi, kijani ao pinki, mashini inatia nyeusi juu na watu banasema umetumia rangi.

Mbele ya kutoa makopi mingi kuko muntu moja wa kujaribia. Haiko rafiki mwenye anachora, yeye ataangalia mistari. Chukua muntu anasomaka kidogo, muzamu, muuzishaji wa inite za telefone, mupe kabuku na usimuangalie uso. Muangalie mukono. Pale ku kona ya paji 7, mukono ikigeuza haraka bila kusimama, kasanduku yako ya mwisho haifanye kazi, rudia kuichora. Ikisimama, hata kidogo, sawa. Kwangu muntu moja alisimama, akageuka akaangalia nyuma yake, halafu akacheka kwa nguvu.

Kuuzisha sitasema mingi. Makopi 20 kwanza. Pa arrêt ya bisi, ku université, ku mulango ya nyumba ya sanaa Halle de l'Étoile kama kuko kintu, ao wakati ya Biennale, ile maonyesho ya sanaa ya kila miaka mbili. Makuta ya mauzo ya kwanza usile, ilipe makopi ya pili. Ku WhatsApp natumaka paji 7 za kwanza tu, mpaka "Odi", na ninazituma kama dokima, haiko kama foto, ju ukizituma kama foto inazikamua na mistari yote inakuwa moshi. Foto ya paji uipige muchana, karibu na dirisha, bila jua kuigonga moja kwa moja, telefone sambamba na karatasi, kisha uongeze kontraste mpaka karatasi inakuwa nyeupe.

Na paji zenyewe, zile za wino, usiziache chini. Hapa mvua inaanza karibu Novemba mpaka Aprili, na muchwa yetu munaijua, inajenga vilima bya kupita nyumba. Mi ilinikulia paji mbili za bede ya mbabula, ilianza ku mama, ikaacha mbabula. Sasa ziko juu ya kabati, ndani ya sashe ya plastiki, kati ya makarto mbili, na kila mwezi nazishusha naangalia.